Waliobadilisha Maji

Katika Bonde la Kilombero wako samaki wanaozaliwa na mvua na kufa na kiangazi. Mtoni hawaishi. Makazi yao ni madimbwi ya udongo mweusi, yale ambayo mtu wa Ifakara huyazunguka mwezi wa Aprili akiwa amekunja suruali, na mwezi wa Septemba hupita palepale kwa baiskeli akitimua vumbi. Ni wadogo, wengi wao hawafikii urefu wa kidole. Madume wana rangi kali, nyekundu na buluu, kama kitenge kipya. Majike ni wa kijivu au kahawia, kama waliovaa nguo za shamba. Wiki chache baada ya kuanguliwa huanza kutaga, na mayai huyazika ndani ya tope moja moja. Dimbwi likikauka, wazazi hufa wote, pasibaki hata mmoja wa kusimulia.

Mayai hubaki. Kiinitete kilichomo ndani ya yai husimamisha ukuaji wake na kungoja. Mwaka 1972 mwanabiolojia John Wourms aliandika kwamba samaki wa aina hii wanaweza kusimama hivyo katika vituo vitatu tofauti vya ukuaji, kana kwamba kila yai limepewa ratiba yake ili mvua ya uongo ya mwezi mmoja isiwamalize wote. Mvua za kweli zinapokuja, dimbwi hujaa, na muda si mrefu watoto wanaogelea mahali ambapo jana palikuwa na nyufa.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu unahusu maji ya bonde hili. Nimepanga chumba katika kata ya Lumemo, pembezoni mwa mji wa Ifakara, karibu na mto uliobeba jina hilohilo. Mezani kwangu kuna nakala za mambo ambayo mtu hutegemea kuyakuta katika historia ya Kilombero: mpunga, pamba, malale, reli ya TAZARA, na mipango ya umwagiliaji iliyofufuka na kufa mara nyingi kuliko hao samaki. Samaki wa madimbwi sikuwakuta popote. Hata A. T. Culwick na G. M. Culwick, walioandika mwaka 1935 kitabu kizima kuhusu Wabena wa mitoni, wanashughulika na watu, utawala na mashamba. Na kwa wavuvi wa Kindamba, ambao bonde hili wanalijua kuliko faili lolote, samaki ni kambare, perege na kitoga. Kitu kisichotosha kujaza kijiko hakina sababu ya kuingia kwenye chungu, wala kwenye kumbukumbu.

Walioingia kumbukumbu waliingizwa na watu wengine kabisa.

* * *

Jina la kisayansi la ukoo huu ni Nothobranchius. Alilitoa Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1868, zaidi ya miaka 20 baada ya safari yake ya Msumbiji, ambako alikuwa amekusanya samaki wa kwanza wa kundi hilo. Mwaka 1893 Georg Pfeffer alimtangaza ndugu yao wa Unguja, kutokana na samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889. Tazama tarehe hizo. Ni miaka ileile ambayo pwani yetu ilikuwa ikigawanywa mezani na kupiganiwa ufukweni. Wakati Abushiri anapambana na Wajerumani Pangani na Bagamoyo, vijisamaki vya Unguja vilikuwa vimeshatiwa kwenye chupa za spiriti.

Wa Kilombero walingoja zaidi. Mwaka 2002 Ruud Wildekamp, Brian Watters na Ian Sainthouse walichapisha maelezo ya aina mbili mpya kutoka bonde la mto huu: Nothobranchius geminus na Nothobranchius kilomberoensis. Jina la pili halihitaji tafsiri. Lakini jambo lililonifanya niache kazi niliyokuwa nayo siku hiyo halikuwa jina. Elimu ya samaki hawa kwa sehemu kubwa imejengwa na watu wanaowafuga nyumbani. Watters, kwa mfano, taaluma yake ni miamba. Ni watu wenye matangi ya vioo sebuleni na kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao huko Ulaya na Amerika Kaskazini, wanaosafiri kwa nauli zao mpaka kwenye madimbwi yetu, wanarudi na samaki wachache ndani ya mifuko ya plastiki, kisha wanaanza kazi isiyo na mwisho, nayo ni kutunza maji.

Nikajiuliza swali ambalo mwanahistoria analikwepa kwa sababu halina shujaa. Tunajua nani aligundua, nani alitoa jina, nani alijenga. Nani alibadilisha maji?

* * *

Tangi la samaki lina historia fupi kuliko tunavyodhani. Wachina walifuga samaki wa dhahabu karne nyingi kabla, katika mabwawa na vyungu. Lakini tangi la kioo linalokaa ndani ya nyumba na kujitegemea kwa kiasi fulani ni kitu cha katikati ya karne ya 19. Mkemia wa London, Robert Warington, alianza majaribio yake mwaka 1849 na kuyaandika mwaka 1850. Aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu ndani ya chombo kimoja na majani ya majini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka majani yaliyozeeka yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akatia konokono wa bwawani. Konokono wakala uozo, maji yakatulia. Miaka 3 baadaye bustani ya wanyama ya London ikafungua jengo la samaki kwa umma, na watu wakapanga foleni kutazama maji.

Warington aliamini amepata mizani: samaki anatoa hewa chafu, jani linaisafisha, konokono anafagia. Hakukosea, lakini mfanyakazi mkubwa kuliko wote hakumwona. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi chake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu hata ikiwa kidogo. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka izidi. Mmoja wa watu waliosaidia kuonyesha kwamba kazi hii inafanyika kwa hatua mbili, na viumbe wawili tofauti, alikuwa mkemia wa kilimo aliyefanya majaribio kuhusu udongo katika kituo cha Rothamsted. Jina lake Robert Warington. Ndiye mtoto wa yule wa kwanza. Baba alijenga chombo, mwana akaeleza kwa nini kilikuwa hai.

Kanuni zote za kutunza maji zinatoka hapo. Tangi jipya lipewe wiki 4 hadi 6 bakteria wazaliane kabla ya kujaza samaki. Usilishe zaidi ya kinacholiwa ndani ya dakika chache. Usibadilishe maji yote kwa pamoja. Toa robo au pungufu kila wiki, maana nitrati hazina njia nyingine ya haraka ya kutoka. Sifongo la kichujio usilioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, lisuuze ndani ya maji ya zamani uliyoyatoa, la sivyo unawaua wafanyakazi wako kwa usafi. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha klorini itoke. Maji ya kisima hayana shida ya klorini, lakini mara nyingi yana hewa kidogo, kwa hiyo yamimine kutoka ndoo hadi ndoo, kama mtu anayepoza chai.

Haya nimeyajaribu kwa mikono. Tangi langu alilitengeneza fundi wa aluminiamu na vioo wa hapa mjini, kwa silikoni ileile anayobandikia makabati ya maduka. Ndani yake kuna perege wadogo watano ambao watoto wa jirani walinichotea kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Kila Jumamosi asubuhi natoa ndoo moja na kurudisha ndoo moja, kutoka pampu ya mkono ya mtaani. Mama mwenye nyumba alinitazama wiki tatu bila kusema neno. Wiki ya nne nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi mwanangu, hao unawafuga au unawanenepesha?"

"Nawafuga, mama. Nawabadilishia maji yasije yakawadhuru."

Akafikiri kidogo. "Sisi huku mto ndio unaobadilisha. Tena haukuombi ndoo."

Alisema kwa mzaha, lakini sentensi yake inaeleza ikolojia ya bonde la mafuriko vizuri kuliko kurasa kadhaa nilizosoma. Mto Lumemo unashuka kutoka milima ya Udzungwa na kukutana na nchi tambarare hapahapa. Mvua zikizidi, unatoka kingo, unasuuza madimbwi, unaleta udongo mpya, unapeleka samaki mashambani na kurudisha wengine. Ni kubadilisha maji kwa kipimo cha wilaya nzima. Mama huyo huyo, mto ukija, hupandisha magunia ya mpunga juu ya kitanda na kulala ameketi. Kwa hiyo sitaandika hapa kwamba mafuriko ni mazuri. Ninaandika kwamba ni kazi, na kazi ikisimamishwa, mtu mwingine lazima aifanye.

* * *

Turudi kwa samaki wa msimu mmoja. Katika tangi wanaishi miezi, mara chache wanapita mwaka. Mfugaji huwawekea bakuli la mboji chini, majike wakataga humo. Kila baada ya muda huitoa ile mboji, huikamua mpaka inakuwa na unyevu kama wa tumbaku, huifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuandika tarehe. Mfuko unakaa kabatini kwa wiki au miezi, kutegemea aina na joto. Siku ikifika anamwaga maji ya baridi kidogo juu yake, na watoto wanatoka. Kwa njia hii mayai yametumwa kwa posta kutoka nchi moja hadi nyingine, kiangazi kizima kikiwa ndani ya bahasha.

Juu ya mfuko, pamoja na tarehe, wafugaji makini huandika mahali ambapo mababu wa samaki hao walichotwa, mwaka, na namba ya safari. Ni mwiko kuchanganya samaki wa dimbwi hili na wa dimbwi lile, hata kama wanafanana kama mapacha. Nilipolielewa hilo nilitabasamu. Ni kanuni ileile tunayofundishwa kwenye nyaraka: usichanganye asili. Hati bila mahali ilipotoka ni karatasi tu.

Lakini nyaraka zinavumilia uzembe. Faili likisahaulika miaka 30 katika stoo, bado unaweza kulifuta vumbi ukalisoma. Samaki wa msimu mmoja hawezi kusahaulika hata mwaka. Mfano wake mkubwa ni ndugu yao wa Gonarezhou, Zimbabwe, anayeitwa Nothobranchius furzeri. Alikusanywa mwishoni mwa miaka ya 1960, akapewa jina mwaka 1971. Kwa zaidi ya miaka 30 kizazi hicho kiliishi mikononi mwa wafugaji wa nyumbani. Kisha, mwaka 2003, Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino wakaonyesha jinsi maisha yake yalivyo mafupi kupita kawaida, na ghafla maabara za uzee duniani zikamtaka: mnyama mwenye uti wa mgongo anayezaliwa, anayezeeka na kufa ndani ya miezi michache. Mwaka 2015 jinomu yake ilichapishwa.

Hesabu kidogo. Tangu miaka ya 1960 mpaka leo ni zaidi ya nusu karne, na kila kizazi ni miezi. Ili samaki hao wafike kwenye maabara hai, ilibidi katika kila kizazi, bila kukosa hata kimoja, awepo mtu aliyekumbuka kumwaga maji juu ya mboji, akalisha, akatoa robo ya maji na kurudisha robo. Wengi wa watu hao hatuwajui. Makala za kisayansi zinamtaja aliyekusanya na aliyetoa jina. Mnyororo wote wa katikati ni mikono mitupu yenye ndoo.

* * *

Hapa kwetu upo mfano mwingine, na huu si wa burudani ya mtu sebuleni. Ukipanda treni ya TAZARA kutoka Ifakara kwenda kusini-magharibi, unapita chini ya ukingo wa Udzungwa ambako mto Kihansi unaanguka kuja kuungana na maji ya Kilombero. Katika korongo lake, kwenye hekta chache tu zilizolowana kwa manyunyu ya maporomoko, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita 3, anayezaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Wakati huo ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza.

Nchi ilihitaji umeme, na wakati naandika haya taa yangu inawaka. Mtambo ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani. Kule nako walikufa kwa mamia. Ilipofika mwaka 2004 waliobaki hai katika matangi hawakufika 100. Waliokuwa korongoni waliongezeka kwa muda, kisha kati ya mwaka 2003 na 2004 wakaanguka kutoka maelfu hadi wachache wa kuhesabika kwa vidole. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 IUCN ilimtangaza kuwa ametoweka porini.

Waliobaki walikuwa katika vioo, kwenye bustani za wanyama za Bronx huko New York na Toledo huko Ohio. Kilichowaokoa kilikuwa ratiba: vinyunyizio vinavyofanya kazi mara nyingi kwa siku, maji yanayokaguliwa, taa za mionzi inayofanana na ya jua, wadudu wadogo wanaofugwa ili waliwe, sakafu ya tangi inayosafishwa bila kuwasumbua. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, kwenye chumba kilichoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2012 wengine wakaachiwa korongoni kwao. Ulikuwa mwanzo mpya duniani kwa amfibia aliyekuwa ametangazwa kutoweka porini.

Lakini korongo waliorudishiwa si lile waliloondolewa. Manyunyu ya sasa yanatoka kwenye mtandao wa mabomba yaliyofungwa juu ya mimea, yanayotoa maji kwa matundu madogo. Matundu huziba, na lazima yazibuliwe. Bomba likipasuka lazima liunganishwe. Kipande hicho cha Udzungwa kimekuwa tangi lisilo na vioo, na kama tangi lolote, uhai wake unategemea kama kuna mtu aliyeamka leo asubuhi kwenda kuangalia. Tulichokifanya Kihansi ni kuchukua kazi iliyofanywa na mto bila malipo tangu enzi na enzi, na kuiweka kwenye orodha ya zamu za watu. Zamu hiyo haina tarehe ya mwisho.

* * *

Mwaka uleule wa 2002 ambao samaki wa Kilombero walipewa majina, bonde lenyewe liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Sidhani kwamba walioandika nyaraka hizo mbili walikuwa wakipeana habari. Hata hivyo zinasomeka vizuri pamoja: moja inataja vitu vidogo kabisa, nyingine inataja maji makubwa yanayoviweka hai. Upande wa pili wa meza yangu ipo taarifa ya FAO ya mwaka 1961 kuhusu bonde zima la Rufiji, ambamo maji hayahaya yanapimwa kwa ekari zinazoweza kumwagiliwa na umeme unaoweza kuzalishwa. Macho hayo hayajazeeka. Mpunga umepanuka, ng'ombe wamekuja na kuondolewa, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanayoelekea kwenye bwawa kubwa la Julius Nyerere hutoka Kilombero.

Rafiki mmoja ninayesoma naye aliniambia kwamba kama samaki hao wamo kwenye matangi ya Ulaya, basi hatari imepungua. Nimemjibu kwa mfano wa ndoo yangu. Tangi linahifadhi samaki, halihifadhi dimbwi. Halihifadhi ndege wanaokula hapo, wala udongo mweusi unaopasuka na kumeza mbegu, wala watoto wanaojua dimbwi lipi hujaa kwanza. Na Kihansi inatuonyesha kwamba kurudi nyumbani kunawezekana pale tu nyumba inapokuwa bado na maji, na mtu wa kuyaangalia. Mfugaji wa ng'ambo akitunza maji kwa uaminifu miaka 50, bado anatunza sehemu yake tu. Sehemu nyingine iko hapa, na haiwezi kutumwa kwa posta.

Kwa hiyo nimebadilisha sura moja ya tasnifu yangu. Ilikuwa ihusu wahandisi na mipango yao. Wahandisi watabaki, ila katika sura hiyo sasa natafuta watu wa zamu: waliozibua mifereji ya mpunga kila mwanzo wa msimu, walinzi wa pampu, mafundi wa vinyunyizio vya korongoni, akina mama wanaojua kwa harufu kwamba kisima kimeharibika. Ni kazi ngumu kwa mwanahistoria, kwa sababu maji yakitunzwa vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakiandikwi. Nimeanza na mama mwenye nyumba wangu. Nilipomuuliza ni nani alikuwa akisafisha mfereji wa mtaa huu kabla hajazeeka, aliwataja watu kumi na mmoja, kwa majina, na zamu ya kila mmoja.

Chini ya njia ya baiskeli, hivi sasa ni Septemba, mayai yanangoja.